Daraja limekwama na mkuu wa idara anakula posho: andika barua mbili

Wewe uliyeajiriwa juzi kwenye halmashauri hapa Tanzania, kosa linaloumiza wengi ni kuchanganya madai. Daraja lako la cheo na mshahara halijapanda, na wakati huohuo mkuu wa idara anakutaka usaini posho ya semina usiyoiona. Ukiyaweka yote kwenye barua moja ya hasira, utajibiwa hasira na hoja itaachwa. Yatenganishe.

Anza na daraja. Soma muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako. Mingi hudai miaka 3 kwenye cheo ulichonacho na utendaji mzuri. Kisha mwone afisa utumishi, kwa heshima, uulize: tarehe zangu kwenye Tange, yaani orodha ya watumishi kwa vyeo na tarehe zao, ziko sawa? Nimo kwenye ikama (nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mwaka huu? Mara nyingi kikwazo kiko hapo, wala si chuki. Barua ya kuthibitishwa kazini baada ya miezi 12 ya majaribio ikikosekana kwenye faili, wenzako mlioajiriwa siku moja wanakupita, na wengi husahau kuidai. Kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, mwaka unaanza Julai 1: ingiza kazi zako mapema, umfuatilie msimamizi aziidhinishe, na uchapishe kila hatua.

Kila barua iwe na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa masijala, ofisi inayotunza barua na majalada. Hiyo ikae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Barua ya ngazi ya juu hupita kwa mkuu wako. Akiikalia, andika ya kukumbushia ukitaja kumbukumbu namba na tarehe ya ile ya kwanza.

Sasa maovu yenyewe. Posho hewa usisaini kabisa. Mkaguzi akija, sahihi yako ndiyo ushahidi, na aliyekuagiza kwa mdomo atakana. Omba agizo kwa maandishi. Mengi hufia hapo. Masurufu pia, yaani fedha za ofisi unazokabidhiwa kwa kazi na kutakiwa kuzitolea hesabu: ukikubali yatoke kwa jina lako atumie mwingine, deni ni lako na litakatwa kwenye mshahara.

Mkuu akidai ngono ili akupandishe, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na huna sababu ya kuona aibu. Usifute ujumbe wake hata mmoja. Piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kabla hujaenda kukutana naye, kwa sababu baada ya tukio ushahidi huwa mgumu. Sheria ya 2015 inamlinda mtoa taarifa anayezipeleka kwenye mamlaka husika. Ukizimwaga kwenye grupu la WhatsApp kinga hiyo huna, na unaweza kugeuziwa shtaka la kutoa siri za ofisi.

Wakikuletea hati ya mashtaka ya nidhamu, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, hata kama unaona ni uonevu mtupu. Rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu upokee uamuzi. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya 2016 lazima umalize kwanza njia za ndani ya utumishi wa umma.

Na usisuse kazi. Kukosekana zaidi ya siku 5 bila ruhusa kunatosha kukufukuzisha, na kesi yote itageuka kuwa ya utoro wako. Hata ukinyang'anywa majukumu na meza, fika, saini kitabu cha mahudhurio, kisha uombe kupangiwa kazi kwa barua.