Jibu: Astrida ni jina la wapi, na mtoto umwandikishe vipi

Mkuu, hongera sana kwa binti. Umeuliza kama Astrida, jina la marehemu bibi yenu wa Bukavu, ni la Kibelgiji au la mtakatifu, na kama mtoto umwandikishe Astrid au Astrida. Bibi yangu mzaa mama, wa Bujumbura, naye alikuwa Astrida. Na mimi huu ni mwaka wa tisa nahudumia wazee hapa Norway, kwa hiyo hili jina nimeishi nalo pande zote mbili.

Si la Kibelgiji. Ni la Waskandinavia wa kale, yaani watu wa Norway, Sweden na Denmark, walioliandika Ástríðr. Lina vipande viwili: áss, yaani mungu, mmoja wa akina Odin na Thor walioabudiwa kule kabla ya Ukristo, na fríðr, yaani mzuri, wa kupendeza. Kipande hicho cha pili kimo pia kwenye Ingrid na Sigrid. Ukisoma mahali kwamba maana yake ni "nyota", achana nako. Wamelichanganya na neno la Kigiriki.

Ukristo ulipoingia jina halikufa. Astrid, binti wa mfalme wa Sweden, aliolewa mwaka 1019 na mfalme Olav wa Norway, ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu. Denmark walilitamka Estrid, na mfalme wao aliyeanza kutawala 1047 aliitwa Svend Estridsen, yaani Svend mwana wa Estrid. Hapo huwa natulia kidogo. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, mama Juma, mama Neema. Yule mfalme alitambulika kwa jina la mama yake.

Sasa Bukavu lilifikaje? Lilikuja na mwanamke mmoja. Astrid wa Sweden, aliyezaliwa 1905, aliolewa 1926 na Leopold, mrithi wa kiti cha Ubelgiji, na mwaka 1934 akawa malkia. Tarehe 29 Agosti 1935 walikuwa Uswisi, karibu na Küssnacht, mume mwenyewe akiendesha gari. Gari likaacha njia, malkia akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 29 na ameacha watoto watatu wadogo. Mmoja wao ni Baudouin, yule mfalme aliyekuwepo Léopoldville (Kinshasa ya leo) siku ya uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960.

Enzi za malkia huyo Wabelgiji walitawala Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), na jina la malkia likabandikwa kwenye mji mzima wa kusini mwa Rwanda: Astrida. Shule yake kubwa ilifundisha makarani na wasaidizi wa serikali ya kikoloni, na waliosoma pale waliitwa Astridien. Baada ya uhuru wa 1962 mji ukaitwa Butare, na leo ni Huye. Jina lilifutwa kwenye ramani, lakini kwa bibi zetu lilibaki. Bibi yangu alibatizwa miaka michache baada ya ule msiba, na hadi anazeeka aliamini ameitwa kwa jina la mji.

Huku Norway wengi hawaitamki ile d ya mwisho. Wiki yangu ya kwanza kazini nilisoma kibao mlangoni nikamsalimu mama mmoja "Astridi", kwa sauti ya kwetu. Akanishika mkono, akasema polepole, "Astri." Nikamwambia bibi yangu aliitwa Astrida. Alirudia ile a ya mwisho mara mbili, kisha kila asubuhi akawa ananiulizia habari za bibi.

Ushauri wangu: mwandike Astrida. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na hiyo a ndiyo inayoonyesha njia jina lilikopita, Sweden hadi Ubelgiji hadi maziwa makuu yetu. Ukiandika Astrid si kosa, lakini utakuwa umempa jina la malkia, si la bibi yenu.

Ila chagua moja na usibadilishe. Mama yangu mdogo naye alirithi jina hilo. Cheti chake cha ubatizo kina Astrida, karani mmoja akamwandika Astrid kwenye kitambulisho. Herufi moja tu, lakini maombi yake ya kuungana na mumewe Ulaya yalikaa miezi kumi na moja yakisubiri kiapo cha kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule. Cheti cha kuzaliwa kikitoka, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani, kabla hujasaini.