Kwa mnaoanza kutafuta ndugu wa Kiyahudi waliopotea kwenye Holokosti

Nimekaa miaka kadhaa hapa Berlin nikisaidia familia kutafuta bibi, mjomba, shangazi, watu ambao habari zao zinakatika 1941 au 1942, na karibu kila mgeni wa hii kazi namuona anaanzia palepale, anaandika jina kwenye kompyuta, anaongeza Auschwitz, ile kambi ya Wanazi huko Polandi, haoni kitu, anakata tamaa. Jamani msianzie kwenye kifo. Anzieni alipokuwa hai, alizaliwa mji gani, alikaa mtaa gani, alifanya kazi gani, kaolewa na nani. Maana waliofika Auschwitz wakatolewa kwenye treni wakapelekwa moja kwa moja chumba cha gesi hawakuandikishwa pale kambini, na Treblinka, Sobibór na Bełżec, kambi nyingine za mauaji, ndo kabisa, treni zilikuwa zinafika watu wanauawa bila mtu kuandika majina yao. Kwa hiyo ukikosa jina kwenye orodha ya kambi usiseme alipona, na usiseme hakufika huko.

Halafu majina. Kwetu pwani Saidi ni Said ni Seyyid, inategemea karani alisikiaje siku hiyo, sasa huku piga hiyo mara lugha nne. Schwarz akiandikwa na Mpolandi ni Szwarc, Rivka ni Rywka ni Rebekka, na mji wenyewe unabadilika jina kila mpaka ukihama, Lemberg, Lwów na Lviv ni mji mmoja. Ukiwa kwenye JewishGen, tovuti ya kutafuta nasaba za Kiyahudi, chagua kutafuta kwa sauti, ule mfumo wa Daitch-Mokotoff wa 1985, unakuletea majina yanayosikika karibu karibu, itakuokolea wiki nzima.

Na hili la Sara naomba mlishike. Mama mmoja tuliyemsaidia tulimletea karatasi ya shangazi yake, jina la kwanza sawa, ukoo sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, ila katikati pameandikwa Sara, akairudisha mezani akasema huyu si wetu, shangazi hakuwa na jina hilo. Alikuwa yeye. Wanazi walitoa amri Agosti 1938, kwamba kuanzia 1 Januari 1939 Myahudi ambaye jina lake halimo kwenye orodha yao ya majina "ya Kiyahudi" lazima aongeze Israel kama mwanaume na Sara kama mwanamke. Kwa hiyo Sara na Israel kwenye karatasi za Ujerumani za miaka hiyo mara nyingi siyo jina alilopewa na mama yake, ni alama aliyopigwa na serikali.

Jambo lingine ambalo sisi linatuchanganya, kwetu mjukuu anapewa jina la babu na babu yupo kibarazani anakunywa kahawa. Kwa Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki desturi ni kurithisha jina la aliyekwisha kufa. Ukikuta mtoto wa 1912 ana jina la babu yake basi nenda katafute kifo cha babu kabla ya 1912, mara nyingi utakikuta.

Sasa niwaambie kuhusu mafaili ya Potsdam, yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Brandenburg, maana haya ndo yalinibadilisha. Myahudi wa Berlin aliyepangiwa kusafirishwa (treni za kwanza zilianza Oktoba 1941 kwenda Łódź, Polandi) alilazimishwa kujaza fomu ya mali yake, kurasa 16, Vermögenserklärung wanaiita, na sababu ni wizi mtupu, amri ya Novemba 1941 ilisema Myahudi akishavuka mpaka mali yake yote ni ya dola, hata kama ni dola hiyohiyo iliyomvusha kwa nguvu. Basi mtu anakaa anahesabu. Fomu ya yule shangazi niliishika mwenyewe, ameandika viti vinne, pazia, taa moja, mashuka, na kwenye nguo kaandika soksi jozi ngapi, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma, haukutetemeka mpaka ukurasa wa mwisho kwenye sahihi. Mpwa wake alikuwa hajawahi kuona hata picha yake. Alisoma ile orodha yote kwa sauti, kitu kimoja kimoja, na sisi tukanyamaza.

Humo humo mtakutana na maneno ya kuficha, "evakuiert", "abgewandert", yaani kahamishwa, kahama. Hakuhama. Na ukiona tarehe ya kifo ni 8 Mei 1945 usiinakili haraka, mara nyingi mahakama baada ya vita ilikuwa inamtangaza mtu amekufa na kuweka siku vita ilipoisha, siku yenyewe haijulikani.

Arolsen, ile hifadhi ya Ujerumani ya nyaraka za walioteswa na Wanazi, waandikieni, hawatozi hela, ila jibu linachukua muda, na wana nyaraka milioni 30 hivi kwa hiyo wapeni tarehe ya kuzaliwa msitume jina tupu. Wakati mnasubiri nendeni kwenye tovuti ya Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Holokosti iliyoko Yerusalemu, majina yaliyokusanywa yamefika milioni 5 kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa, na mengi yametoka kwenye fomu zilizojazwa na ndugu na majirani. Wageni wote wanasoma sehemu ya marehemu wanafunga. Shukeni chini! Pale pana jina la aliyejaza, anuani yake, na marehemu alikuwa nani kwake. Ya shangazi ilijazwa Haifa, 1999, na binamu ambaye familia ya Berlin ilimuomboleza toka vita. Alishafariki tulipompata lakini mwanawe yupo. Tulimwandikia barua kwanza, hatukupiga simu, na nawashauri mfanye hivyo hivyo maana hujui mwenzio amekaa na maumivu gani na nani yupo naye chumbani wakati huo, barua anaweza kuiweka akairudia kesho.

Na kama mtu wenu hana fomu pale Yad Vashem, jazeni, bado wanapokea, hata kama mnajua jina moja na mji tu.