Chambertin na Gevrey-Chambertin si chupa moja

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa ya mvinyo wa Chambertin iuzwe mara kumi ya Gevrey-Chambertin, ilhali zote ni zabibu za Pinot Noir, zote zimetoka Bourgogne, eneo la mvinyo la mashariki mwa Ufaransa, na mwaka ni uleule. Wengi wamekujibu kwamba unalipia jina tu. Sikubaliani nao. Nilisoma Dijon, na Septemba ikifika nilikuwa nashika mkasi na ndoo kwenda kuvuna kwenye vijiji vya Côte de Nuits, kusini mwa mji huo.

Tuanze na lebo. Gevrey ni kijiji, Chambertin ni shamba. Mwaka 1847 kijiji kiliongeza jina la shamba lake maarufu kwenye jina lake, na vijiji jirani vikafuata mtindo huo. Kwa hiyo ile chupa ya bei nafuu inaweza kuwa imetoka sehemu nyingi za kijiji, hata ng'ambo ya barabara kuu kule tambarare. Ile ya ghali imetoka kwenye kipande kimoja tu cha hekta 13 hivi, katikati ya mteremko.

Na mteremko huo ndio wenye habari yote. Simama barabarani utazame magharibi, utauona mzima. Juu kabisa kuna msitu na mwamba, udongo kiduchu. Chini udongo ni mzito na maji yanatuama. Katikati ni mawe ya chokaa yaliyochanganyika na mfinyanzi. Maji yanapita, na jua la asubuhi linapiga sawasawa kwa sababu mteremko unatazama mashariki. Mashamba ya daraja la juu kabisa, grand cru, yako hapo katikati, na mvinyo wake haufiki asilimia 2 ya mvinyo wote wa Bourgogne.

Mvunaji anaijua tofauti hiyo kwa vidole. Mizabibu ya kule hupogolewa ikabaki mifupi, vichala vinaning'inia usawa wa goti, kwa hiyo unainama tangu umande haujakauka. Kichala cha Pinot Noir kinaenea kiganjani, punje zimebanana hata hewa haipenyi. Mvua ikishanyesha, kwenye mashamba ya chini tulikuwa tunakigeuza kila kichala na kukifungua kwa vidole. Ukikuta punje zenye ukungu wa kijivu na harufu ya siki, unazikata unazitupa, na kuna nyakati nusu ya kichala inaishia ardhini. Tukipanda kwenye mawe, mvua ni ileile lakini vichala ni vikavu na punje ni ndogo. Ndoo inachelewa kujaa, ila hutupi kitu. Punje ndogo maana yake ganda ni jingi kuliko maji, na rangi na harufu ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda.

Hata hivyo usiliamini daraja kwa macho yaliyofumba. Chukua Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi ambalo watawa wa monasteri ya Cîteaux walilizungushia ukuta wa mawe. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa ardhi, baadaye likauzwa vipandevipande, na sheria ya urithi inayowagawia watoto sawasawa ikaendelea kuvikatakata. Leo lina wamiliki wapatao 80. Shamba zima ni grand cru, kuanzia juu karibu na jengo la watawa hadi chini barabarani, ambako udongo ni mzito kabisa. Mwenye mistari ya juu na mwenye mistari ya chini wote wanaandika jina lilelile. Hapo ndipo pa kuuliza nani amelima, na mistari yake iko wapi.

Bei za juu mno, hizo sitazitetea kwa udongo. Shamba la Romanée-Conti lina hekta 1.8 tu, mmiliki mmoja, na chupa yake ya mwaka 1945 iliuzwa mnadani New York mwaka 2018 kwa dola 558,000. Hapo ni matajiri wanagombania chupa chache. Uchache nao una sababu zake: mavuno ni mara moja kwa mwaka, si mara mbili kama Dodoma, na jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ya Aprili ikiunguza machipukizi, mwaka umeharibika. Mwaka 2021 wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari, na bado zabibu nyingi zikapotea, hasa za mvinyo mweupe.

Kwa bajeti ya kawaida, mimi ningeachana na majina makubwa nikatafuta mvinyo wa vijiji kama Marsannay, jirani kabisa na Dijon, au Givry na Mercurey kusini zaidi. Ukibahatika kufika, panda treni kutoka Dijon, shuka Gevrey, upande kwa miguu kutoka barabarani hadi msituni. Njia za katikati ya mashamba ziko wazi kwa watembeao, ila usiingie kwenye mistari wala kuchuma punje bila ruhusa, hasa mavuno yakikaribia.