Sarafu juu ya sindano: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na kama kawaida mama yako kazipokea kabla yangu. Huku Mombasa sote hatujambo, isipokuwa joto tu, nalo si geni.

Umeniuliza kwamba huko Manchester umeona dukani santuri, zile sahani za plastiki za muziki, za dansi la kwetu zilizochapwa upya, moja pauni 28, na mwenzako wa kazini kakushikilia kwamba santuri ina sauti safi kuliko ya simu. Unataka kujua kama anasema kweli, na ununue kinanda cha kuzipigia au uache. Ukanitania kwamba nikikosa jibu mimi, miaka yote ile ya bisibisi na vyuma vya redio imekwenda bure.

Jibu la fundi ni fupi: si kweli. Kwa usafi wa sauti, santuri haiiwezi dijitali iliyorekodiwa vizuri.

Siku moja chukua santuri uitazame kwa kioo cha kukuzia. Watu hudhani ina mistari mingi, kumbe kila upande una mfereji mmoja tu, mrefu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Kuta za mfereji huo zimechongwa zikipinda kwa kadiri sauti ilivyotikisika, na sindano ikipita nayo hutikisika vivyo hivyo. Basi. Hakuna uchawi mwingine. Lakini sauti nzito ya besi ingeupindisha mfereji hadi ungevamia wa jirani yake, kwa hiyo wakati wa kuchonga besi hupunguzwa makusudi na sauti nyembamba huongezwa, kisha amplifaya ndiyo inayorudisha mambo mahali pake. Sijui ni wateja wangapi waliniletea amplifaya wakilia imekufa, sauti inatoka kama ya ndani ya kopo, kumbe wamechomeka waya wa kinanda kwenye tundu la kaseti. Nawachomekea tundu la santuri, ndilo linalorudisha besi, sauti inajaa kibanda, na mtu anakataa kulipa kwa sababu "hujafungua hata skrubu."

Tena santuri haiko sawa mwanzo na mwisho. Ile kubwa, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, ukingoni sindano inapitiwa na kama sentimita 50 za mfereji kila sekunde, lakini ikikaribia katikati ni 20 tu na kidogo. Wimbo wa mwisho hubanwa kwenye nafasi finyu, na "s" za mwimbaji huanza kuchanika. Wapangaji wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana mara nyingi wimbo mtulivu uliwekwa mwisho wa upande.

Huyo mwenzako bila shaka atakuambia dijitali hukata sauti vipande vipande kama ngazi, na santuri ni mteremko laini. CD ilipotoka mwaka 1982, hesabu yake ilikuwa kupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Ni kweli inapima kwa vituo, lakini mashine ikiirudisha sauti hairudishi ngazi, inarudisha mawimbi yaleyale, laini kabisa, hadi mwisho wa kile sikio la binadamu linachoweza kusikia. Langu siku hizi haliufiki hata huo mwisho. Na mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani, ambayo santuri zake wapenzi walizisifu kwa kutopitia dijitali hata hatua moja, ilikuwa imetumia dijitali katikati ya kazi kwa miaka. Masikio ya dhahabu yote yale hayakugundua.

Hapo mwenzako umeshamshinda. Sasa mrudishie haki yake kidogo. Nyimbo nyingi zilipohamishiwa kwenye CD na baadaye kwenye simu, mafundi walizipandisha sauti hadi ikawa ngoma, gitaa na mwimbaji wote wanapiga kelele kwa pamoja. Santuri haipendi kuchongwa kwa fujo hiyo, kwa hiyo mara nyingi fundi hutulia. Wimbo uleule unaweza kweli kupendeza zaidi kwenye santuri, lakini sifa ni ya fundi aliyeuandaa. Plastiki haijafanya kitu.

Lakini hayo ni ya muziki wa huko. Wa kwetu una kesi nyingine.

Bibi yako alikuwa na santuri moja ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, katika zile zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928. Zilikuwa nzito, ngumu, za mizunguko 78 kwa dakika, na zilivunjika kama sahani ya udongo. (Mjomba wako aliikalia. Hajakiri hadi leo.) Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu, na shairi la taarabu mtu hulikatishaje kwa dakika tatu? Zilipokuja zile ndogo za 45, zilizochapwa Nairobi, mambo hayakuongezeka sana, dakika nne au tano. Ndipo wanamuziki wa dansi wakapata ujanja wao: Sehemu ya Kwanza upande huu, Sehemu ya Pili upande wa pili. Upande wa kwanza mwimbaji anamwaga kilio chake chote. Unageuza, magitaa yanachukua, watu wanainuka.

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kugeuza. Sijawahi kukusimulia vizuri. Ilikuwa hoteli ya chai pale Mwembe Tayari, wasafiri wakisubiri mabasi, na kinanda kimekaa juu ya kabati la mandazi. Nilikuwa na kama sekunde kumi: sindano inuka, santuri pindua, sindano shuka. Nikichelewa, meza zote kwa pamoja, "Geuza!" Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi, alipofariki kwa ajali ya gari hapahapa Mombasa, Januari 1979, tulipiga nyimbo zake tu kutwa nzima, na siku hiyo hakuna aliyepiga kelele. Walisubiri tu nigeuze.

Lori likipita barabarani sindano iliruka, kwa hiyo mwenye hoteli akabandika sarafu ya senti kumi juu ya kichwa cha sindano kwa gundi. Haikuruka tena. Kinanda kizuri kinataka uzito wa kama gramu 2 tu pale mbele, na sisi tulikuwa tunailimisha santuri kama jembe la ng'ombe. Ukingoni mwa santuri za nyimbo zilizopendwa sana mfereji uligeuka kijivu, na sauti ya mwimbaji ikaanza kukohoa. Nilikuwa nikiona fahari kwa ile sarafu. Baadaye nilipojifunza ufundi ndipo nilipojua tumeua nini.

Nakuambia hayo kwa sababu mwezi uliopita mpwa wako alinitafutia kwenye simu wimbo mmoja wa siku zile. Nikasikiliza. Katikati wimbo ukafifia, kimya, kikasikika kikwaruzo, ukarudi. Unajua ile ni nini? Ni mtu kageuza santuri. Hiyo dijitali yenyewe ni santuri, tena ya mtu aliyebandika sarafu! Kanda za awali za nyimbo nyingi za namna hiyo hazijulikani ziliko, kwa hiyo aliyekuwa na santuri nyumbani ndiye aliyezinakili. Na kinanda chake kilikimbia: mwimbaji namjua, sauti yake nzito ya kifuani, pale alikuwa kama kijana wa madrasa. Nikatoa ya kwangu, nikabandika kipande cha karatasi ukingoni, nikahesabu mizunguko kwa saa ya ukutani. Arobaini na tano kwa dakika, sawasawa. Wa kwangu ulimaliza nyuma ya wa simu kwa sekunde nyingi. Mpwa wako akasema wa simu umechangamka zaidi. Mama yako akamuunga mkono, lakini yeye ananipinga kwa kanuni.

Kwa hiyo mwulize muuza duka: hii imechapwa upya kutoka wapi, kanda ya awali au santuri nyingine? Mara nyingi huwa wameandika nyuma ya jalada. Kama ni kanda, au kama wametafuta santuri safi wakaisafisha kwa uangalifu, pauni 28 si haba. Kama ni nakala ya kitu kilichochoka, basi unalipia vikohozi ambavyo simu inakupa bure. Na vile vinanda vidogo vya sanduku vya rangi rangi achana navyo, vingi vina mkono mzito, ni sarafu yetu ileile kwa sura mpya.

Zangu zimebaki 61. Kumi na tisa zilipinda mwaka ule nilipoziweka juu ya friji, ukizipiga bendi nzima inayumba kama imetoka mnazini. Hizo sizihesabu. Uliniomba nikutumie. Sikutumii, begi la ndege si mahali pake. Ila ukija Desemba niletee sindano mpya ya almasi, namba yake ipo kwenye picha niliyokutumia jana. Uje na kompyuta yako pia, ukae siku tatu nne, tuzinakili zote kabla hazijaharibika zaidi, pande zote mbili, kwa kasi yake.

Wewe utakaa na kompyuta. Mimi nitageuza.

Baba yako