Jei wa kahawia wa Kosta Rika: anza na mdomo

Ukisema tu unaenda Kosta Rika kuangalia ndege, kila mtu atakwambia habari za quetzal, yule ndege maarufu wa huko. Sawa, kamuone, lakini mi nakuomba sana tenga asubuhi moja ya jei wa kahawia, maana wengi wanampita hivihivi kwa vile yuko kila mahali na anapiga kelele.

Ni ukoo wa kunguru, mkubwa, sentimita 40 hivi pamoja na mkia. Juu kahawia iliyokolea, tumbo jeupe, mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Hao ni wa huku kusini, ukienda kaskazini mwa Meksiko mpaka Texas wanakuwa kahawia karibu mwili mzima na ni walewale. Ukiwa Monteverde, kule milimani Kosta Rika, unaweza kumchanganya na oropendola, ndege mwingine mkubwa, ila yule mkia wake una njano pembeni, basi.

Sasa darubini ipeleke mdomoni. Mkubwa ana mdomo mweusi tii, kinda ana mdomo wa njano, duara la njano jichoni, hata miguu njano. Hapo katikati ndo patamu, kwa sababu ile njano haiishi siku moja, weusi unaila polepole na kila ndege anabaki na madoa yake, huyu kabakiza mstari juu, yule ncha tu, mwingine upande mmoja ushakuwa mweusi, ukitulia nao saa nzima unaanza kuwajua mmoja mmoja kabisa. Mtaalamu wa ndege Alexander Skutch aliwatambua kwa madoa hayohayo, na mwaka 1935 akaandika kwamba kiota kimoja kinalishwa na ndege zaidi ya wawili, wale wa ziada si wazazi, ni wasaidizi tu. Keremkerem wa Nakuru nao wanasaidiana hivyohivyo, kwa hiyo mtu wa kwetu ataelewa haraka anachokiona.

Msituni ndani usihangaike, wanapenda kingo, malisho, mashamba ya kahawa. Mi napenda kusimama karibu na migomba yenye maua maana wanakuja kunywa nekta. Wakikaribia sikiliza vizuri, ukiacha lile "piyaa! piyaa!" la mbali kuna mlio mdogo kama kwikwi, "pok", unatokana na kifuko cha hewa kifuani. Na tafadhali usiwapigie sauti zao zilizorekodiwa kwenye simu, hasa wakiwa na kiota, kundi zima linaacha kulisha linakuja kukuzomea wewe huku makinda yanangoja.