Barua kwa mwanangu baharia

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Unaniuliza kama ni haki uvishwe nishani kwa kumtoa majini yule kijana wa ngalawa pale Mjimwema, na sasa ni wakati wa amani, ilhali babu yako alikwenda Kagera mwaka 1978 akapigana vita vyenyewe. Nitakujibu. Ila kwanza shangazi yako.

Habari ya boti ya Skagit unaijua, lakini ulikuwa mdogo, mengine tulikuficha. Ilikuwa tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani imekaribia, naye alikuwa anakwenda Unguja kufunga kwa bintiye. Kapu lake nililibeba mwenyewe mpaka kwenye boti. Waliondoka Dar mchana, watu karibu 290, upepo mkali, chombo kikazama karibu na Chumbe. Nilipomkuta Unguja kesho yake, mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za vidole vinne, nyeusi kama wino. Kuna mtu alimshika pale, akamkumbatisha dumu tupu la mafuta, akamwambia, "Mama, usiachie," kisha akamfuata mtoto aliyekuwa analia. Shangazi yako hakumwona tena. Nimeulizia Malindi ya Unguja, nimeulizia Feri ya Dar, hakuna anayemjua. Inaniuma mpaka leo.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: bahari haina amani. Hayo maneno yako ya "wakati wa amani" ni ya watu wa nchi kavu.

Lakini nabishana na nafsi yangu. Siku nyingine nasema, nishani za nini, ikiwa yule hatukuweza hata kumsomea khitma kwa jina lake? Halafu namkumbuka Majaliwa Jackson, kijana mvuvi wa Bukoba aliyekimbilia kuokoa abiria ndege ilipoanguka ziwani Novemba 2022. Alipewa shilingi milioni moja, akapata kazi Zimamoto, na nchi nzima ikalijua jina lake. Babu yako aliposikia alipiga makofi peke yake sebuleni. Nilifurahi mno siku ile! Basi ubaya uko wapi?

Kama umestahili au la, ulimi unaniwasha, lakini sisemi. Kawaulize wazazi wa yule kijana. Mimi ni baba yako, bahari haina amani, na neno langu ndilo hilo.

Kadi za mwaliko zikitoka, mchukulie na shangazi yako. Pantoni hapandi, unamjua. Tutazunguka Daraja la Nyerere la Kigamboni, kwa hiyo tuambie saa mapema.

Baba yako