Usukani mtupu, breki iko wapi?

SWALI: Kaka mhariri habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa Shinyanga, mwezi ujao naenda Utrecht kule Uholanzi kwa kozi ya miezi mitatu na mwenyeji wangu kasema ameshaniwekea baiskeli, nikafurahi sana maana Phoenix ya mzee nimeinyonga tangu niko darasa la tano, ila juzi kanitumia picha naona usukani mtupu, hakuna mkono wa breki wala waya! Eti breki iko kwenye pedeli. Jamani inasimamaje hiyo? Nitaiweza au nitembee tu?

JIBU: Mdogo wangu panda, usiiache. Ile nchi ina baiskeli zaidi ya milioni 23 na watu hawafiki milioni 19, ukitembea kwa miguu utaikosa nusu ya maisha yao.

Breki iko ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha katikati ya gurudumu. Ukinyonga mbele inakwenda, ukituliza miguu inaserereka, ukikanyaga kurudi nyuma inabana, na kwa kuwa imefichwa humo mvua haiipati, na kule mvua utaiona.

Sasa kitakachokusumbua ni hiyo hiyo Phoenix. Sisi tumezoea kwenye mteremko kuzungusha pedeli kinyume bila sababu, miguu inajifanyia tu. Mimi siku yangu ya kwanza Delft, huko huko Uholanzi, nilifanya hivyo katikati ya njia ya baiskeli, gurudumu likafunga papo hapo, na nyuma yangu kulikuwa na mama kabeba watoto wawili kwenye sanduku la mbele, alinikwepa kwa shida sana na mpaka leo nikikumbuka naumia. Kwa hiyo kabla hujaingia barabarani tafuta uwanja mtupu, nusu saa nzima, kimbiza simama kimbiza simama, mpaka vidole viache kutafuta breki hewani. Ukitaka kusimama weka pedeli zilingane, moja mbele moja nyuma, ndo unapata nguvu ya kukanyaga. Na ukishasimama huwezi kuirudisha pedeli nyuma ili uanzie juu, inua gurudumu la nyuma kidogo uizungushe kwenda mbele.

Cheni nayo ikague kila asubuhi tafadhali, ikichomoka na breki imeondoka, na wewe huna nyingine.

Mengine utayashika haraka: wanaendesha upande wa kulia, pembetatu nyeupe zilizochorwa chini zikikuelekezea ncha ujue unampisha mwenzio, reli za tramu (treni za barabarani) za Amsterdam zikate kwa kukingama zisije zikameza tairi, na simu usiishike ukiwa unaendesha, tangu Julai 2019 ni kosa.

Ah na pale stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, nyingi nyeusi kama yako, funga kitambaa cha rangi kwenye kiti na uandike namba ya safu kabla hujaondoka.